Fleming: Mvumbuzi wa penisilini ambaye onyo lake lilipuuzwa hadi bandani mwa kuku

MFUGAJI anayekoroga unga wa dawa katika maji ya vifaranga wake viungani mwa Nairobi, na mchuuzi anayechinja na kunyonyoa kuku kando ya barabara, huenda hawajawahi kulisikia jina la Alexander Fleming. Hata hivyo, shughuli zao zimefungamana na maisha ya daktari huyo kuliko wanavyodhani. Yeye ndiye aliyeipa dunia penisilini. Yeye pia alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutahadharisha kwamba dawa hiyo ingekosa makali endapo ingetumiwa ovyo na kwa vipimo hafifu.

Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, eneo la Ayrshire nchini Uskoti. Baba yake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima aliyefiwa na mke wa kwanza, akaoa tena akiwa anakaribia umri wa miaka 60. Alexander alikuwa wa tatu kati ya watoto wanne wa mke huyo wa pili, Grace Morton. Alipotimiza miaka saba, mzee huyo aliaga dunia, na mzigo wa shamba ukawaangukia mama na kaka zake wakubwa.

Ilikuwa familia ya wafugaji katika nchi ya vilima na baridi kali. Mvulana huyo alienda shuleni kwa miguu, kwanza katika shule ndogo ya vilimani, kisha Darvel, na baadaye Kilmarnock. Wasifu wake mwingi unadai kwamba tabia yake ya kutazama vitu vidogo ambavyo wenzake walivipita ilitokana na miaka hiyo ya kuwatafuta ndege na sungura porini. Huenda ni kweli. Jambo lisilo na shaka ni kuwa hakuwa mwenye maneno mengi, na ukimya huo ulikuja kumgharimu alipohitaji kuushawishi ulimwengu wa tiba.

Akiwa na umri wa miaka 13 hivi, alihamia London kuishi na kaka yake Thomas, aliyekuwa daktari wa macho. Alisoma kwa muda mfupi, kisha akaajiriwa kama karani katika kampuni ya meli, kazi aliyoifanya kwa miaka minne bila kuipenda. Mkombozi wake alikuwa mjomba aliyefariki na kumwachia urithi wa pauni 250. Kwa ushauri wa Thomas, fedha hizo zilimwezesha kujiunga na shule ya udaktari.

Namna alivyochagua shule hiyo inachekesha. Alikuwa na hiari ya kujiunga na hospitali kadhaa za mafunzo jijini London, naye akaichagua St Mary's kwa sababu aliwahi kucheza polo ya majini dhidi ya timu yake. Alipohitimu mwaka wa 1906, nahodha wa timu ya walenga shabaha hakutaka mchezaji hodari kama yeye aondoke, hivyo akamtafutia nafasi katika maabara ya Almroth Wright, bingwa wa chanjo ya homa ya matumbo. Fleming aliingia humo kama msaidizi wa muda. Hakutoka tena. Alifanya kazi St Mary's takriban maisha yake yote yaliyosalia.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Wright na wasaidizi wake walipelekwa Boulogne, Ufaransa, ambako walianzisha maabara katika jumba lililokuwa la kamari. Huko Fleming alishuhudia wanajeshi wakifa kwa idadi kubwa, si kutokana na risasi moja kwa moja, bali kutokana na vidonda vilivyooza. Madaktari walikuwa wakivimwagia vidonda hivyo dawa kali za kuua viini. Kwa kutumia chupa ya kioo aliyoitengeneza iwe na pembe na vijishimo mithili ya kidonda kirefu, alionyesha kwamba dawa hizo hazikuvifikia viini vilivyojificha ndani, ilhali ziliziua chembechembe nyeupe za damu ambazo ndizo kinga ya mwili. Ushahidi ulikuwa bayana, lakini wapasuaji wengi waliendelea na desturi yao.

Somo hilo halikumtoka. Tangu hapo alitafuta kitu ambacho kingeviua viini bila kumdhuru mgonjwa.

Mnamo 1921, akiwa na mafua, alidondosha kamasi yake katika kisahani cha bakteria na kuona bakteria hao wakiyeyuka. Alikuwa amegundua kimeng'enya alichokiita lisozimu. Alikipata katika machozi pia, na kwa majuma kadhaa wenzake maabarani walikamuliwa malimau machoni ili walie. Kisha akakipata kwa wingi zaidi mahali ambapo kila mama wa nyumbani angeweza kupafikia: ute mweupe wa yai la kuku. Kwa bahati mbaya, lisozimu iliwaua hasa bakteria wasiokuwa na madhara makubwa, na wakali ikawaacha. Ugunduzi huo haukusisimua wengi wakati huo, ingawa leo lisozimu itokayo katika mayai hutumiwa viwandani kuhifadhi jibini.

Siku iliyomjengea jina ilikuwa Septemba 3, 1928. Fleming alikuwa amerejea kutoka likizoni na kukuta visahani vyake vya bakteria aina ya stafilokoki, wanaosababisha majipu na usaha, vikiwa vimerundikana mezani. Hakuwa mtu nadhifu sana. Katika kisahani kimoja kulikuwa kumeota kuvu, na pembezoni mwa kuvu hiyo bakteria walikuwa wametoweka. Mtafiti mwingine angekitupa kisahani hicho na kulaani uchafu. Fleming aliitoa kuvu hiyo, akaiotesha kwenye mchuzi wa maabara, na kuanza kuupima mchuzi huo dhidi ya kila kiini alichokuwa nacho. Mwezi Machi 1929 aliupa jina penisilini, na katikati ya mwaka huo akachapisha matokeo yake.

Makala hayo yana jambo ambalo aghalabu husahaulika katika simulizi za kishujaa. Fleming alieleza wazi kwamba penisilini haikuua kila kitu. Iliwaangamiza stafilokoki na streptokoki, lakini haikuwagusa bakteria wa matumboni, jamii ya E. coli na wale wa homa ya matumbo. Kwake huo haukuwa upungufu pekee. Aliigeuza penisilini kuwa chekeche maabarani, akawaua wale walioweza kufa ili kuwapata wale waliobaki. Kwa hivyo tangu mwanzo alijua kwamba dawa huchuja. Kinachosalia ndicho kinachoota.

Jaribio la kuisafisha penisilini lilimshinda. Wasaidizi wake wawili, Stuart Craddock na Frederick Ridley, walijitahidi kwa miezi kadhaa, lakini hawakuwa wanakemia na dutu hiyo iliharibika upesi mno. Fleming aliendelea kuihifadhi kuvu yake na kuwagawia watafiti walioiomba. Kwa takriban miaka kumi ulimwengu haukushughulika.

Haki inadai isemwe kwamba dawa inayookoa maisha ni kazi ya chuo kikuu cha Oxford. Howard Florey, mzaliwa wa Australia, na Ernst Chain, Myahudi aliyeukimbia utawala wa Wanazi nchini Ujerumani, pamoja na fundi mbunifu Norman Heatley, ndio walioisafisha. Mnamo Mei 25, 1940 waliwadunga panya wanane viini vya kuua. Wanne waliopewa penisilini waliishi na wanne wasiopewa wakafa. Fleming alipozisoma habari hizo, alifunga safari kwenda Oxford kuitazama kazi yao. Chain alishangaa kumwona, kwa maana alidhani mzee huyo alikuwa ameshafariki.

Februari 1941 ilifika zamu ya binadamu. Albert Alexander, afisa wa polisi aliyekuwa hoi kwa usaha usoni na mapafuni, alipata nafuu ya ajabu kwa siku chache. Dawa ilikuwa adimu kiasi kwamba iliyotoka katika mkojo wake ilikusanywa na kusafishwa ili adungwe tena. Hata hivyo ilikwisha kabla maradhi hayajakwisha, na mwezi Machi akafariki. Ni vigumu kupata mfano bayana zaidi wa madhara ya dozi isiyokamilika.

Florey na Heatley walivuka bahari kwenda Marekani mwaka huo huo, ambako serikali na makampuni ya dawa yalitafuta namna ya kuzalisha penisilini kwa mapipa. Kwa upande wake, Fleming mnamo Agosti 1942 alimtibu rafiki wa familia aliyekuwa akifa kwa homa ya uti wa mgongo. Aliomba dawa kutoka kwa Florey na kuidunga hadi katika uti wa mgongo, hatua ambayo haikuwa imewahi kujaribiwa. Mgonjwa alipona. Magazeti yakaipata habari hiyo, Wright akaandika barua kudai heshima kwa mwanafunzi wake, na kwa kuwa Florey hakuwapenda wanahabari ilhali St Mary's iliwakaribisha kwa mikono miwili, jina la Fleming lilivuma peke yake. Chain aliichukua dhuluma hiyo kwa uchungu kwa miaka mingi.

Umaarufu huzaa uzushi. Ipo hadithi isambazwayo hadi leo kwamba babake Fleming alimwokoa Winston Churchill akiwa mtoto asizame, na babake Churchill akamlipia Alexander karo, kisha penisilini ikamponya Churchill nimonia vitani. Hakuna hata sehemu moja yenye ukweli. Dawa aliyopewa Churchill mwaka wa 1943 ilikuwa ya jamii ya salfa.

Fleming alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1944, na mwaka wa 1945 akapokea Tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain. Hapo ndipo pana kiini cha maisha yake kwa msomaji wa leo.

Katika mhadhara wake wa Desemba 11, 1945 jijini Stockholm, alieleza kuwa si vigumu kuwafanya bakteria wawe sugu maabarani. Inatosha kuwaweka katika penisilini iliyo haba kiasi cha kutowaua. Alihofia siku ambayo dawa hiyo ingeuzwa madukani kwa yeyote. Akatoa mfano wa kubuni wa bwana mwenye maumivu ya koo anayejinunulia penisilini, akameza kidogo tu, akawafunza viini vyake kuistahimili badala ya kuwaua, kisha akamwambukiza mkewe. Mke anapatwa na nimonia, anatibiwa kwa penisilini, haponi, anafariki. Fleming aliuliza ni nani aliyemuua, na jibu lake lilikuwa ni mumewe.

Hakuwa akibashiri kwa ramli. Tayari Desemba 1940, kabla hata ya mgonjwa wa kwanza kudungwa, Chain na mwenzake Edward Abraham walikuwa wameripoti kimeng'enya kinachoibomoa penisilini. Walikipata kwa bakteria wa matumboni, wale wale wa jamii ya E. coli. Jambo la kushangaza ni kwamba streptokoki wa koo ambao Fleming aliwatumia katika mfano wake bado wanauawa na penisilini hadi leo. Waliomsaliti ni stafilokoki, wale wa kisahani chake cha 1928. Kufikia 1947, katika hospitali moja ya London, zaidi ya thuluthi ya stafilokoki waliochunguzwa walikuwa hawajali tena penisilini.

Uingereza ilisikia onyo hilo, angalau nusu. Sheria ya mwaka wa 1947 iliharamisha kuuza penisilini bila cheti cha daktari. Lakini wakati huo huo, upande wa pili wa bahari, mlango mwingine ulikuwa ukifunguka.

Katika maabara za Lederle zilizoko Pearl River, jimbo la New York, Thomas Jukes na Robert Stokstad walikuwa wakitafuta chakula nafuu cha vifaranga. Waliwalisha masalia ya kiwanda kilichotengeneza Aureomycin, dawa ya jamii ya tetrasaiklini. Vifaranga hao walinenepa kuliko wenzao. Ilidhaniwa ni vitamini, kumbe ni dawa yenyewe iliyosalia katika makapi. Habari hizo zilitangazwa mwaka wa 1950, na kuanzia 1951 Marekani iliruhusu dawa hizo zitiwe katika chakula cha mifugo bila cheti. Kiasi kilichohitajika kilikuwa gramu chache tu kwa kila tani. Kwa maneno mengine, ni kipimo kile kile kisichoua, ambacho Fleming alikuwa amekitaja Stockholm, kikitolewa kwa maelfu ya kuku kila siku ya maisha yao.

Uingereza ilifuata mkondo huo mwaka wa 1953. Sheria iliyopitishwa mwaka huo iliruhusu penisilini na tetrasaiklini zichanganywe katika chakula cha nguruwe na kuku. Nchi iliyomkataza mgonjwa wa koo kujinunulia dawa ilimruhusu kuku kuila kila asubuhi.

Wakati huo Fleming alikuwa na umri wa miaka 71, na mambo mengine mbele yake. Mkewe wa kwanza, Sarah McElroy, muuguzi wa Ireland aliyemwoa mwaka wa 1915 na kumzalia mwana mmoja, Robert, alikuwa amefariki mwaka wa 1949. Aprili 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Vourekas, daktari Mgiriki aliyekuwa amefanya utafiti katika maabara yake. Alizunguka dunia akipokea shahada za heshima. Nje ya uwanja wa mapigano ya fahali jijini Madrid, sanamu yake ilisimamishwa mwaka wa 1964, kwa kuwa penisilini iliwaokoa wapiganaji waliochomwa pembe. Yeye hakuiona. Alifariki nyumbani kwake London mnamo Machi 11, 1955 kwa mshtuko wa moyo, na majivu yake yakazikwa katika kanisa kuu la St Paul's.

Yaliyofuata yalithibitisha hofu yake kwa njia ambayo hakuieleza. Mwaka wa 1959 watafiti wa Japani walionyesha kwamba bakteria wanaweza kurithishana usugu, mmoja akimpa mwenzake jeni, hata wakiwa wa jamii tofauti. Hapo ikadhihirika kwamba bakteria wa kuku hahitaji kumwugua mtu ili amletee balaa. Inatosha apite matumboni mwake na kuwaachia wenyeji mbinu yake. Tume iliyoongozwa na Michael Swann nchini Uingereza ilipendekeza mwaka wa 1969 kwamba dawa zinazotibu binadamu zisitumiwe kunenepesha mifugo.

Mwamerika Stuart Levy alilipima jambo hilo shambani. Alichukua vifaranga 300, akawapa nusu yao chakula chenye tetrasaiklini. Baada ya muda mfupi kinyesi cha vifaranga hao kilijaa bakteria sugu. Miezi michache baadaye, watu wa shamba hilo, ambao hawakuwa wamemeza dawa hiyo, nao walikuwa na bakteria sugu kuliko majirani zao. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1976. Ulaya ilingoja hadi Januari 2006 kupiga marufuku kabisa dawa za kunenepesha mifugo.

Kwetu Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 ulichunguza sampuli 199 za nyama mbichi ya kuku iliyokuwa ikiuzwa Nairobi. Asilimia 78 ilikuwa na E. coli, na robo tatu ya bakteria hao walistahimili angalau dawa moja kati ya 12 zilizojaribiwa. Iliyoshindwa zaidi ilikuwa tetrasaiklini, dawa ya wale vifaranga wa Jukes. Haihitaji mtaalamu kueleza zinavyofika huko. Mfugaji mdogo huenda agroveti, hununua pakiti bila kuulizwa swali, na huwapa kuku dawa kabla hawajaugua, kwa kuwa kifo cha kundi moja ni kufilisika. Kuku akionyesha dalili za kufa, huuzwa haraka badala ya kungojewa siku ambazo dawa ingeisha mwilini. Sokoni, ndoo moja ya maji huosha kuku wengi, na gogo moja hukatiwa wote. Moto wa jikoni huwaua bakteria hao, wawe sugu au la. Kinachowaokoa ni kisu kilichokata nyama mbichi kisha kikakata kachumbari, na mikono iliyoshika vyote viwili.

Kenya ilizindua sera ya kitaifa kuhusu usugu wa dawa mwaka wa 2017, ikiziunganisha wizara za afya na kilimo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba usugu huo uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka wa 2019, na mzigo ulikuwa mzito zaidi katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara.

Kuvu ya Fleming yenyewe ingali hai. Sampuli yake imegandishwa katika hifadhi moja nchini Uingereza, na mwaka wa 2020 watafiti wa huko waliiyeyusha, wakaiotesha upya na kuisoma jeni zake zote kwa mara ya kwanza. Walipoilinganisha na kuvu zinazotumiwa viwandani Marekani, waligundua kwamba vimeng'enya vinavyounda penisilini vinatofautiana kidogo. Wanatarajia kwamba tofauti hizo zitawaonyesha njia nyingine ya kuunda dawa hiyo dhidi ya bakteria walioizoea.